Bastola ya Ukutani

Kopo la kahawa lilikaa kwenye kiti cha abiria, limefungwa mkanda kama mtoto. Verna Pruett alilifunga mwenyewe, akavuta mkanda mara mbili, ingawa alijua kilichomo hakina tena cha kuvunjika. Kila pikapu iliporuka shimo vyuma viligongana ndani ya kopo, naye akapunguza mwendo, mpaka yule wa nyuma yake akachoka kumpigia honi akampita.

Alikuwa akienda kwa Mzee Hollis Quisenberry, fundi bunduki, ng'ambo ya kilima cha Dry Fork. Watu wa huko Missouri kusini walisema Hollis akishika bastola kuukuu gizani atakuambia imetoka wapi, ina umri gani, na mwenyewe aliipenda au hakuipenda. Verna hakuwa na haja na hayo yote. Alitaka jina tu. Nani aliitengeneza.

Septemba iliyopita, kwenye uwanja wa klabu ya wapiga baruti nyeusi, mwanawe mkubwa Delmar alisimama mstarini na bastola aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ilikuwa bastola ya mwigo, mojawapo ya zile zinazoundwa siku hizi kwa mfano wa silaha za vita vya mababu, za kumimina baruti na kushindilia risasi chumba kwa chumba, vyumba sita. Risasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu haikutoka mbele, ilitoka pande zote. Silinda, lile pipa dogo linalozunguka lenye vyumba sita vya risasi, ilipasuka, ikachukua jicho la kulia la Delmar na vidole viwili vya mkono ulioishika.

Na aliyejaza baruti kwenye chupa yake ya shaba asubuhi ile ni mdogo wake, Lyle.

Delmar hata bandeji hazijatoka alikuwa ameshahukumu. "Ametia baruti isiyo na moshi. Ile ya bunduki za kisasa. Kila mpumbavu anajua ukiitia humu unajiua, ila mtoto wa maziwa wa Mama hajui."

Lyle, mwenye miaka thelathini na mbili na ndevu zake, akalia kama mtoto wa maziwa kweli. "Ilikuwa nyeusi, Mama. Nyeusi kama sufuria lako la maharage. Hiyo bastola ndiyo takataka."

"Bastola ya Baba ni takataka?"

"Nimesema ilivyo."

Kiti kikaanguka, mlango ukapigwa. Wiki ya pili yake Lyle akapakia nguo zake akaenda Dakota Kaskazini kwenye visima vya mafuta. Sikukuu ya Shukrani Verna alioka bata mzinga mkubwa kama kawaida, akala na dada yake tu. Kila mmoja wa wanawe aliogopa kumkuta mwenziwe mezani, basi hakuja hata mmoja.

Ndiyo maana alitaka jina. Kama kuna mtu mbali huko, ng'ambo ya bahari, aliyeunda chuma kibovu akakipeleka sokoni, basi si Lyle, na wala si Delmar. Atakuwa yule. Wote watatu wangemchukia yule kwa pamoja, wakae tena meza moja.

Mwanzoni alidhani amekwisha kumpata. Ubavuni mwa fremu, chini ya silinda, kulikuwa na kijisanduku kilichogongwa kwenye shaba, kidogo kama punje ya mchele, na ndani yake herufi mbili: AB. Verna hakusoma sana, darasa la nane tu, lakini hilo hakuhitaji kufundishwa. Yeye mwenyewe hushona VP kwenye pembe ya kila mfarishi anaoutengeneza. Mtu mwenye kazi yake huweka herufi zake. Basi majira yote ya baridi alikwenda maktaba ya mjini, kila Jumanne, akampa shida mkutubi kumtafutia majina ya mafundi bastola yanayoanza na A na B. Alikuwa na orodha ya ukurasa mzima.

Mzee Hollis aliipokea orodha ile, akavaa miwani, akasoma mpaka chini. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akajishikilia kwenye jiliwa, chuma chake cha kubania kazi.

"Bi Verna," alisema akipangusa macho, "hao wote uliowaandika hapa hawana hatia. AB si mtu. AB ni mwaka."

"Mwaka gani una herufi?"

"Waitaliano hao. Kila bastola yao hupelekwa kwa wakaguzi wa serikali, hujaribiwa, hugongwa mhuri. Mwaka wanauandika kwa herufi. AB ni sabini na sita. Na hii nyota na PN chini yake, usije ukaniletea orodha nyingine, maana yake baruti nyeusi tu."

Verna alijisikia uso unawaka. Jumanne zote zile. "Mkutubi hakuniambia."

"Mkutubi anajua vitabu. Mimina kopo hilo tuone."

Alimimina juu ya kipande cha zulia. Fremu ya shaba ya manjano na mtutu wake, vipande vinne vya silinda, skrubu, mpini wa mbao uliopata ufa. Hollis alichukua mtutu kwanza. Akageuza mkono wa kushindilia, akatazama pale chini unapojificha, akachukua kioo cha kukuzia, akatazama tena. Akatia kidole.

"Hapa ndipo hukaa jina la karakana. Limepigwa tupa."

"Limefutwa?" Verna alisogea karibu. "Kwa hiyo walijua! Walijua ni mbovu wakaficha jina!"

"Taratibu, mama. Anayeficha hufuta pale tu. Huyu amepiga tupa mtutu mzima, kisha msasa, kisha akasugua mpaka ukang'aa. Ona mistari. Hii si mashine, ni mkono. Na mkono wenyewe ulikuwa na haraka huku mwishoni."

Alichukua skrubu, akazipanga, akatazama meno yao na vichwa vyao. Akapima kwa kipimo cha chuma umbo la ulimi wa mbele ya fremu, akafungua droo akatoa bastola nyingine kuukuu, akaziweka pamoja. Verna alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, amekumbatia mkoba wake, akimwomba Mungu jina, jina lolote.

"Nimewajua," Hollis alisema. "Vipande vimetoka kwenye karakana moja ya Gardone, kule Italia, bonde lao la mafundi. Ulimi wa fremu unasema, skrubu zinasema. Sina shaka nao."

"Ndio waliomtoa mwanangu jicho?"

Hollis aliinama mezani. Alikuwa ameshika vipande viwili vya silinda, anavikutanisha kama mtu anayeunga sahani. Akaingiza kipimo kwenye chumba kimoja, akasoma. Akaingiza kingine, akasoma. Uso wake ukabadilika.

"Hebu nipe mpini."

Ubao wa mpini ulitoka kwa bisibisi kidogo tu. Upande wa ndani, pale ambapo hakuna mtu anayetazama maisha yake yote, paliandikwa kwa penseli. Hollis alisoma kimya, kisha akamgeuzia Verna.

*O.P. Feb. 77.*

Verna aliujua mwandiko huo wa marehemu mumewe, Orval, kuliko alivyojua wake. Ile O isiyofungika juu. Ulikuwa kwenye cheti chao cha ndoa, ulikuwa kwenye kila chupa ya mbegu kule stoo.

"Nilidhani hivyo," Hollis alisema kwa sauti ya chini. "Haikuja bastola, Bi Verna. Zilikuja sehemu sandukuni, hazijamalizika, mtu anunue amalizie nyumbani. Miaka ile wanaume wengi walifanya. Aliyelifuta jina ni Orval. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anang'arisha tu."

Na mara ile Verna akaikumbuka meza. Meza ya jikoni, jiliwa limebanwa pembeni, theluji imefunga barabara siku tisa na Orval hana pa kwenda. Alikuwa ameshanunua kopo zima la risasi, na risasi hazikuingia, zilikuwa kubwa kidogo. Mwenye akili angetafuta risasi nyingine. Orval alitafuta keekee. Na Verna ndiye aliyeishika silinda ndani ya taulo la vyombo isigeukegeuke, mikono yake miwili, huku chuma kikitoa vinyuzi vya moto vikimchoma vidole. Walicheka. Alimwambia, "Maliza upesi, Orval, maharage yanapoa na mimi nataka meza yangu."

"Alipanua vyumba," Verna alisema.

"Alipanua. Alichonga kichwa kitoshee kofia." Hollis aliinua kipande, akamwonyesha nje ya silinda palipo na vijishimo vya kuizuia isizunguke. "Hapa ndipo chuma ni chembamba tangu kiwandani. Yeye akakipunguza kwa ndani, tena keekee ilikwenda mshazari. Kilichobaki ni ganda la yai. Ufa umeanzia hapa hapa. Ajabu si kwamba ilipasuka, ajabu ni kwamba zile mbili za mwanzo zilitoka."

"Na baruti ya Lyle?"

"Kutu hii ya ndani ni ya masizi ya baruti nyeusi. Isiyo na moshi haili chuma hivi. Mradi tu kopo halikukaa kwenye unyevu."

Kopo lilikuwa limekaa kibarazani miezi kumi na moja, chini ya paa linalovuja. Verna hakusema.

Hollis akaweka vipande chini, akatikisa kichwa. "Na fremu nayo imevutika, hata ukiitia silinda mpya haitakaa sawa. Sijui kwa nini Orval hakuwaambia vijana. Hakuwa mjinga, lazima alikuja kugundua. Hii ilikuwa ya ukutani tu."

Verna aliinuka kwenye ndoo. "Umesemaje?"

"Ya ukutani."

"Maana yake nini? Ya ukutani maana yake nini, Hollis?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa maana ya maji. "Ndivyo tunavyosema sisi watu wa bunduki. Silaha isiyofaa kupigwa. Ukiipiga itakuua. Itundike ukutani uitazame, basi. Mbona, hujapata kusikia?"

Alipata kusikia. Miaka mitatu nyuma, hospitali, Orval na mirija puani, sauti imebaki uzi. Alimshika mkono akasema, "Ile ya shaba, Verna. Ile ni ya ukutani. Waambie vijana." Naye Verna akampapasa paji la uso, akasema, "Nimesikia, mpenzi, nitaitundika." Akadhani mume anaomba heshima. Baada ya mazishi akapiga msumari chini ya picha yao ya harusi, akaitundika, akawa anaipangusa vumbi kila Jumamosi. Ilipofika siku ya kuzaliwa ya Delmar, akaishusha mwenyewe akampa. Na hakumwambia neno kama lilivyosemwa. Alilipamba. Alisema, "Baba yako aliipenda hii mpaka akataka ikae ukutani aione kila mtu. Sasa ichukue wewe." Angelisema lile neno moja kavu, kama lilivyo, Delmar angelijua. Alikuwa mtu wa bunduki.

Mama mwenzangu unayesoma, ujumbe wa mgonjwa usiupambe. Uliza maana yake angali ana pumzi. Hata ukionekana mjinga, uliza.

"Niandikie," Verna alisema. "Niandikie karatasi. Delmar hatanisikiliza mimi, ila mwandiko wako atausoma."

Hollis aliandika kwa kalamu ya seremala, mistari minne, herufi kubwa. Juu: jina la karakana ya Gardone, aina ya bastola, mwaka. Chini: ilimaliziwa nyumbani na Orval Pruett, vyumba vilipanuliwa kwa mkono, ndiyo sababu ya kupasuka. Akatia sahihi. Verna alitaka kumwomba aongeze neno kuhusu fremu, akaona haya kumsumbua tena mzee wa watu. Akakunja karatasi akaitia kifuani.

Alikwenda moja kwa moja kwa Delmar, kule kwenye nyumba yake ya magurudumu ng'ambo ya kijito, maana alijua akifika kwanza nyumbani ataogopa. Delmar alikuwa nje anapasua kuni kwa mkono wa kushoto, kwa ghadhabu, kila gogo kama lina deni naye.

"Umekula?" Verna aliuliza.

"Mama, umekuja na uso wa msibani halafu unauliza nimekula. Nani amekufa?"

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama kwenye vibanzi vya kuni: penseli ndani ya mpini, keekee, taulo la vyombo, hospitali, neno la ukutani. Alisema, "Si Lyle, mwanangu. Ni mimi. Niliambiwa nikuambie, sikukuambia."

Delmar alisikiliza na jicho lake moja. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kofi.

"Lini ulifikiria hiyo?"

"Sikufikiria. Ni kweli."

"Miezi kumi na moja hukumbuki. Leo ndiyo unakumbuka. Tangu Lyle ana miaka minne, nani alivunja dirisha? Mama alivunja. Nani alisahau kufunga lango, ng'ombe wakatoka? Mama alisahau. Una mgongo mpana, Mama, umebeba makosa ya kitoto chako mpaka kimeota ndevu."

Na ilikuwa kweli. Dirisha lile Lyle ndiye alilivunja. Lango pia. Alidanganya mara nyingi kwa huruma hata siku aliyosema kweli haikuwa na mahali pa kukaa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba siku ile ukilia hakuna atakayekuamini machozi.

"Muulize Hollis," alisema. "Kutu ya ndani..."

"Kopo lako limekaa kibarazani linanyeshewa mwaka mzima, hata kijiko kingeota kutu." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Aliisoma. Verna alitazama jicho lile likishuka mstari wa kwanza, wa pili. Hapo likasimama. Halikushuka tena.

"Kumbe ni wale wa Gardone," Delmar alisema taratibu, kwa sauti ambayo mama yake hakuisikia tangu Septemba, sauti karibu ya furaha. "Nimetafuta mwaka mzima ni akina nani, nikashindwa kwa sababu jina halipo. Vipuri vyao vipo, Mama! Silinda naweza kuagiza kesho."

"Delmar. Soma chini."

"Fremu ya Baba ni nzima. Mtutu ni mzima."

"Fremu imevutika, Hollis amesema!"

"Haikuandikwa hapa." Akaikunja karatasi katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akaichana kwa meno na mkono wake wa kushoto. Nusu ya juu akaitia mfukoni. Ya chini, yenye jina la Orval, akamrudishia. "Hii mpelekee Lyle, itamfaa. Na kopo lile liache hapa. Ni mali yangu, ulinipa mwenyewe."

Verna alikataa kuliacha, akakimbilia pikapu. Delmar alikuwa na miguu mirefu. Alifungua mlango wa upande wa pili, akafungua mkanda polepole, bila kumgusa mama yake, akalitoa kopo.

Jumapili alimpigia simu Lyle. Nyuma ya sauti ya mwanawe kulikuwa na mashine zinanguruma. Akamsomea nusu ile ya karatasi.

"Nimesikia, Mama," Lyle alisema.

"Basi njoo nyumbani. Umesikia si wewe."

"Mimi nilijua si mimi tangu siku ile. Aliyekuwa hajui ni yeye. Anajua sasa?"

Verna aliikunja ile nusu ya karatasi.

"Basi," Lyle akasema. "Kula vizuri, Mama. Niko kazini."

Silinda mpya ya Delmar ilifika baada ya wiki tatu. Verna alimpigia Hollis, Hollis akaenda mwenyewe kwa Delmar, akarudi na kofia mkononi. Hakuna sheria ya kumkataza mtu mzima, alisema. Alimwambia mpaka akachoka. Delmar alimjibu kwamba Mama amemlisha maneno.

Sasa kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Delmar hupiga shabaha ng'ambo ya kijito, kwa mkono wa kushoto. Sauti hufika jikoni. Verna huacha maji yakitiririka. Husimama na sahani mkononi mbele ya dirisha, mbele ya msumari ambao hajaung'oa, akihesabu. Moja. Mbili. Ya tatu huwa anafumba macho. Nne. Tano. Baina ya ya tano na ya sita Delmar hukawia, sijui kwa nini, labda mkono umechoka, na hapo Verna hata pumzi hashushi.

Ikishalia ya sita, humsikia akianza kujaza tena.